Waliobaki Mbozi: Misheni ya Wamoravian na Miaka Isiyo na Wamisionari

Katika makanisa ya Momba, kuanzia Tunduma hadi Ndalambo na kuteremka Kamsamba, kumuaga mmisionari aliyekaa miaka mingi kuna taratibu zake. Ibada huwa ndefu kwa sababu kila kwaya inataka zamu yake. Wazee wa kanisa husoma risala inayoanza na shukrani na kuishia na mahitaji ya ushirika. Akina mama huingia kwa nyimbo wakiwa na kitenge, mkeka, maharage ya ungoni na jogoo aliyefungwa miguu. Anayeagwa huvikwa, hulishwa, huombewa safari, kisha gari huondoka watoto wakilikimbilia hadi barabara kuu. Ni desturi njema, nami naipenda. Lakini moja ya misheni kongwe kabisa katika ardhi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe, Misheni ya Wamoravian ya Mbozi, haikupata nafasi ya kuwaaga hivyo wamisionari wake wa kwanza. Waliondolewa na vita. Mambo yaliyotokea baada yao ndiyo yanayonifanya niandike, kwa kuwa historia ya taasisi hii huandikwa kwa majina ya waliokuja na kuondoka, ilhali aliyeilea katika miaka yake migumu ni mwenyeji aliyebaki.

Wamoravian walifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1891. Nyuma yao palikuwa na historia ya ukimbizi. Mwaka 1722 waumini waliokuwa wakiteswa kwa imani yao huko Moravia, katika nchi ambayo leo ni Cheki, walipewa hifadhi Saksonia kwenye shamba la Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 1732, kijiji hicho kidogo kikatuma watu wake wa kwanza ng'ambo, kwenye kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, kwa watumwa wa mashamba ya miwa. Kwa hiyo kanisa hili lilianza kazi yake ya nje kwa watu waliouzwa. Hata safari ya Nyasa ilisaidiwa na urithi wa Daniel Crakau wa Breslau, aliyeacha mali yake itumike kwa kazi miongoni mwa watumwa waliokombolewa wa Afrika ya Mashariki.

Waliotumwa walikuwa wanne: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Martin alikufa kwa homa mwaka huohuo, kabla kituo cha kwanza hakijasimama. Wenzake wakajenga Rungwe. Misheni ya Berlin, iliyoongozwa na Alexander Merensky, ilikuwa imefika karibu wakati huohuo, na pande mbili zikakubaliana kugawana kazi: Berlin washike upande wa mashariki, Wamoravian wafuate magharibi. Makubaliano hayo ya wageni wachache ndiyo yaliyoamua kwamba Mnyiha wa Mbozi angekuwa Mmoravian na Mkinga wa Milima ya Livingstone angekuwa Mlutheri. Ndivyo ramani ya madhehebu yetu ilivyochorwa, na leo tunaitetea kana kwamba tuliikuta mbinguni.

Kutoka Rungwe walikwenda Utengule ya Usafwa mwaka 1895, palipokuwa na boma la Merere, mtawala wa Wasangu aliyefukuzwa kwake na Wahehe. Nguvu ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilipovunjwa, Merere alirejea Usangu, na Utengule ikabaki na mchanganyiko wa watu: Wasafwa wenyewe, mateka wa zamani, wajane, na watoto waliotekwa mbali wasioweza kurudi kwao. Hao ndio waliosogea karibu na misheni. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, alikaa nao, akawasikiliza na kuandika waliyomsimulia. Kwa mkono wake tunayo maisha ya Narwimba na ya Chisi, wanawake waliopita mikononi mwa watekaji na wenye nguvu, wakaokoka kwa akili zao na kwa kutafuta ndugu pasipokuwa na ndugu. Mwanahistoria Marcia Wright alikuja kuyapeleka maisha hayo mbele ya wasomaji wa dunia. Mtu anayetaka kujua Kanisa la Songwe na Mbeya lilizaliwa katika hali gani asome habari za wanawake hao kabla ya kusoma habari za askofu yeyote.

Mbozi ilianzishwa mwaka 1899, na aliyeianzisha ni Traugott Bachmann.

Hapa nataka kukaa kidogo. Bachmann alizaliwa mwaka 1865, akafika Nyasa mwaka 1892 akiwa kijana mwenye hakika ya kila kitu, kama walivyokuwa wengi wa wakati wake. Mila za Kiafrika kwake zilikuwa giza la kufukuzwa. Akawa mwanafunzi Unyihani. Alijifunza Kinyiha kwa bidii hata akalifasiri Agano Jipya lote, na kitabu kikachapishwa mwaka 1913. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mgeni akiwa peke yake mezani. Kila mstari humlazimu kumuuliza mwenye lugha, na mwenye lugha akijibu hueleza pia nyumba yake, mizimu yake, mahari na mazishi yake. Miaka ya kuuliza hivyo ilimbadilisha. Aliyekuja kufundisha akaanza kuheshimu alichokikuta, na waziwazi akaeleza hivyo kwa wakubwa wake.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ndoa za mitala. Kanuni ya misheni nyingi za wakati huo ilikuwa kwamba mwanamume anayetaka ubatizo aachane na wake zake isipokuwa mmoja. Karatasini ni rahisi. Kijijini maana yake ni mwanamke aliyezaa watoto wanne, aliyelima shamba na kujenga nyumba, kuambiwa arudi kwa baba aliyekwisha kufa, kwa jina la Yesu. Bachmann aliyaona hayo, akatetea kwamba mtu aliyeoa wake wengi kabla ya kuamini apokewe pamoja na nyumba yake. Alikwaza wengi. Kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa Ujerumani baada ya kifo chake cha mwaka 1948, zinaitwa kwa Kijerumani Ich gab manchen Anstoß, naye hakuficha humo kwamba aliwaudhi wenziwe. Kwa maoni yangu, katika jambo hili alikuwa sahihi kuliko kanuni, na wanawake wa Unyiha walijua hivyo kabla ya sinodi.

Pembeni mwa Bachmann alikuwepo Msatulwa Mwachitete. Utoto wake uliangukia zama za uvamizi na biashara ya watu, akaonja kutekwa. Alipokua akawa Mkristo na mwalimu. Maisha yake yaliandikwa na Elise Kootz-Kretschmer, na mwaka 1932 toleo fupi likatoka London kwa Kiingereza likiwa na jina lake mwenyewe juu yake kama msimuliaji. Mwalimu wa misheni wa enzi hizo alikuwa mtu wa kazi nyingi. Alifundisha kusoma, aliongoza sala za asubuhi, alisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, alizika, aliandika barua za watu waliokwenda kutafuta kazi, na Jumamosi alitembea kutwa nzima ili Jumapili ahubiri kijiji cha mbali. Mmisionari alikuwa mmoja kwa nchi nzima, naye kila baada ya miaka alikwenda likizo Ulaya. Waalimu walikuwa wengi, na hawakuwa na likizo. Mkulima wa Unyiha aliyesikia Injili kwa mara ya kwanza, kwa kawaida aliisikia kinywani mwa mtu wa aina ya Msatulwa.

Na upande wetu, Wanyamwanga? Mpaka ulikwisha kutupitia katikati. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uligawa nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaja kuupima mstari ardhini. Kaka akabaki kwa Mwingereza, mdogo wake kwa Mjerumani. Upande wa Waingereza Waskoti wa Misheni ya Livingstonia walikuwa wamejenga Mwenzo katikati ya miaka ya 1890, jirani na Tunduma ya leo, na Daktari James Chisholm alitibu watu pale kwa miaka mingi. Kutoka Mwenzo walitoka waalimu wenye kichwa, akina Donald Siwale, aliyeanzisha pamoja na wenzake Chama cha Ustawi cha Mwenzo mwaka 1923, mojawapo ya mbegu za mwanzo za siasa za Zambia. Bondeni Mkulwe, kuelekea Rukwa, Mapadre Weupe walikuwa na misheni yao, na Padre Alois Hamberger akaandika habari za imani na mila za watu wa Mkulwe katika jarida la Anthropos mwaka 1909. Kwa hiyo familia ya Ndalambo iliweza kuwa na ndugu Mmoravian kwa upande wa Mbozi, Mpresbiteri ng'ambo ya Tunduma na Mkatoliki bondeni, na wote wakakutana kwenye msiba mmoja. Hali hiyo ipo hata sasa.

Kisha ikaja vita. Tarehe 25 Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kwa wakati mmoja na kuvamia ngome za Wajerumani za Namema, Luwiwa, Igamba na Ipyana. Kabla mwezi huo haujaisha boma la Neu Langenburg, Tukuyu ya leo, lilikuwa mikononi mwao. Wamisionari wa Kijerumani wakahesabiwa kuwa raia wa adui. Wakakusanywa, wakapelekwa uhamishoni, na hatimaye wakarudishwa kwao. Bachmann alikuwa amekaa nchini miaka 24. Nyumba, bustani, shule, madaftari ya ubatizo na makaburi ya watoto wao, vyote vilibaki nyuma.

Hebu tuitazame hali ya waumini wa Mbozi siku hizo. Katika misheni za Wamoravian za Nyasa hapakuwa na Mwafrika aliyewekewa mikono kuwa mchungaji. Waalimu walikuwepo, wazee wa kanisa walikuwepo, lakini ubatizo, Meza ya Bwana na ndoa vilikuwa mikononi mwa walioondoka. Livingstonia, kwa majirani zetu, walikuwa tayari wamewaweka wakfu wachungaji wao wa kwanza mwaka 1914: Hezekiah Tweya, Jonathan Chirwa na Yesaya Zerenji Mwasi, nao hawakuharakishwa, walisubirishwa miaka mingi. Wamoravian walikuwa nyuma hata ya mwendo huo wa pole. Naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote ya kizazi cha kwanza. Walimpenda Mnyiha, walijifunza lugha yake, walimwamini kwa shule na kwa mahubiri, lakini walichelewa kumkabidhi kanisa.

Na mambo mengine yalizidi. Wanaume walichukuliwa kuwa tengatenga, wakabeba risasi na vyakula vya majeshi hadi wakafia njiani wasijulikane majina. Chakula kilikwenda kwa askari. Mwishoni mwa Oktoba 1918 Paul von Lettow-Vorbeck, akikimbizana na Waingereza, alirudi kupitia Mbozi na watu wake, na tarehe 2 Novemba akaishambulia Fife, karibu na Mwenzo, kabla ya kuelekea Kasama. Habari za kusimamishwa kwa vita zilimkuta mtoni Chambeshi, akaja kuweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Kwa mwaka huo watu wa nchi hii walipitiwa na vita, njaa na homa ya mafua iliyozunguka dunia, na mganga wa misheni hakuwepo.

Kanisa halikufa. Jumapili iliendelea kuwa Jumapili. Waalimu walifundisha bila mshahara wa uhakika. Wazee waliamua kesi za ushirika. Agano Jipya la Kinyiha, lililokuwa na umri wa miaka mitatu tu wakati wamisionari wanaondolewa, likawa ndiyo misheni yenyewe: mwenye nakala alisoma, wasio nayo walisikiliza na kukariri. Lau lingecheleweshwa miaka michache, sijui wangeshika nini. Baadaye Livingstonia, kupitia Kanisa la United Free la Scotland, walipewa ulezi wa vituo vya Wamoravian na vya Berlin katika eneo la Tukuyu, wakafanya walichoweza, lakini walikuwa wachache na nchi ni pana. Mzigo wa kila siku ulibaki pale ulipokuwa, begani kwa mwenyeji. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi chini ya utawala wa udhamini, na Wamoravian wakarejea Rungwe mwaka 1926 wakiongozwa na Oskar Gemuseus, hawakukuta magofu ya kuanza upya. Walikuta kanisa lenye watu, lenye mabishano, lenye watoto waliozaliwa na kukua bila kumwona mmisionari, na lenye waalimu waliozoea kuamua. Bachmann hakurudi.

Ni vigumu kueleza jinsi miaka hiyo kumi ilivyobadilisha mizani. Kabla ya 1916 mmisionari aliweza kudhani kwamba yeye ndiye nguzo. Baada ya 1926 hakuna aliyeweza kusema hivyo mbele ya wazee wa Mbozi. Katika kipindi cha kati ya vita viwili ndipo Waafrika walipoanza kuwekewa mikono kuwa wachungaji, na sidhani ilikuwa bahati tu. Vita vya pili vilipokuja, na Wajerumani wakakamatwa tena mwaka 1939 na 1940, kuondoka kwao kuliuma, ila hakukutikisa msingi.

Uhuru ulileta kuondoka kwa aina ya tatu, kwa amani. Uongozi ulikabidhiwa. Mwaka 1966 Teofilo Kisanji wa upande wa Tabora akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kimoravian, na leo chuo kikuu cha kanisa kilichopo Mbeya kinabeba jina lake. Wamisionari waliendelea kuja, madaktari, wauguzi, mafundi na walimu wa theolojia, lakini sasa walikuja kwa kuombwa, wakapangiwa kazi na kanisa lililo hapa. Hao ndio waliopata risala na vitenge na jogoo. Mbozi Misheni ina hospitali yake, na wanaoiendesha ni Watanzania. Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani, na kutoka hapa wainjilisti wamekwenda Zambia, Malawi na Kongo. Barabara iliyomleta mgeni imekuwa barabara ya kutuma.

Wako pia wamisionari ambao hawakuagwa kwa sababu hawakuondoka. Jirani zetu wa upande wa Karema wana Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa na kuuzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, akafika huko mwaka 1889, akatibu watu wa kando ya Ziwa Tanganyika hadi kifo chake mwaka 1956. Miaka 67 katika kituo kimoja. Alioa pale, alizeeka pale, alizikwa pale. Nikimweka Atiman pamoja na Msatulwa Mwachitete, wote wawili watoto waliotekwa, naona kwamba hesabu yetu ya wamisionari wa muda mrefu imekuwa na kasoro. Tumewahesabu waliovuka bahari kwa meli na kusahau waliovuka utumwa.

Wamoravian wana jambo moja ambalo makanisa mengine ya Songwe yangefaa kuliazima. Alfajiri ya Pasaka hukusanyika makaburini, matarumbeta yakilia, na kuwakumbuka waliolala. Na tangu siku za Herrnhut kila mshirika alitakiwa kuandika historia ya maisha yake, mkulima sawa na kabaila, ili isomwe siku ya maziko yake na kuhifadhiwa. Maelfu ya maandiko hayo yametunzwa Herrnhut mpaka leo. Kwa sababu hiyo tunaweza kujua mwashi wa kawaida wa Saksonia wa miaka ya 1750 alimwogopa nani na alimpenda nani, ilhali mwalimu wa Ndalambo aliyefundisha vizazi viwili tunakosa hata mwaka wake wa kuzaliwa.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wazee wa kanisa, kwa maparoko, na kwa kamati zinazoandaa hafla za kuwaaga wamisionari katika Tunduma, Ndalambo, Mkulwe, Kamsamba na Chitete. Msomeeni risala anayeondoka, na mmshukuru kwa moyo wote, maana aliacha kwao akaja kwetu. Lakini kabla ya siku hiyo kaeni na katekista aliyemfundisha lugha, na mama aliyempikia alipougua, na fundi aliyefyatua matofali ya kanisa, na mwinjilisti aliyemtangulia kwa baiskeli kwenye vigango. Andikeni majina yao matatu, vijiji vyao, miaka yao ya kazi, na maneno yao wenyewe. Fanyeni nakala mbili, moja ibaki ofisini kwa ushirika au parokia, nyingine ipelekwe makao makuu ya jimbo. Madaftari ya zamani ya ubatizo yatolewe kwenye makabati yenye mchwa na yapigwe picha kurasa zote. Fanyeni hivyo mwaka huu, wazee wakiwa bado wapo wa kuulizwa.